Kikao kimepanda, trafiki haijasogea: mwongozo kamili wa kujiunga na kituo cha kubadilishana trafiki Arusha

Swali ninaloulizwa mara nyingi na watoa huduma wadogo wa Arusha na Moshi ni hili: "Kikao cha BGP kimepanda, mbona mteja wangu wa Njiro akiwasiliana na seva iliyoko Tengeru pakiti bado zinapitia Dar es Salaam?" BGP ni lugha ambayo ruta za mitandao tofauti hutumia kuambiana njia, na kikao ni mazungumzo kati ya ruta mbili. Njiro na Tengeru zote ziko Arusha. Anayeuliza ameshalipia faiba ya kufika kituo cha kubadilishana trafiki, mahali ambapo mitandao hupeana trafiki moja kwa moja; fundi ameshaondoka, na taa za swichi zote ni kijani. Trafiki imebaki ilikokuwa.

Chanzo hakibadiliki sana. Watu huanza na ruta, ilhali kazi inaanzia kwenye rekodi. Intaneti haina mkubwa mmoja anayegawa njia. Kila mtandao hutangaza wenyewe anwani ulizonazo, na mitandao mingine huamua kuuamini au kutouamini. Siku hizi uamuzi huo hufanywa na mashine zinazosoma ulichoandikisha AFRINIC, msajili wa anwani na namba za intaneti Afrika, na PeeringDB, orodha ya wazi ya mitandao inayotaka kuunganishwa. Rekodi zikisema hivi na ruta yako ikasema vile, utaachwa nje kimyakimya.

Kwa hiyo fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Za mwanzo hazigusi ruta kabisa, na ndizo zinazorukwa.

Katika mifano nimetumia AS64500 (AS ni mtandao unaojitegemea, na hiyo ndiyo namba yake) na bloku, yaani fungu la anwani, ya 203.0.113.0/24. Namba baada ya mkwaju ikiwa kubwa, bloku ni finyu zaidi. Zimetengwa kwa ajili ya maandishi ya mafunzo tu, hivyo usizinakili kwenye ruta inayofanya kazi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, inayolingana na huduma unayotoa.
- Namba ya AS iliyosajiliwa kwa jina la taasisi yako. Namba za binafsi, 64512 hadi 65534, hazikubaliki kituoni.
- Bloku yako ya IPv4 isiyo ndogo kuliko /24, na ya IPv6 isiyo ndogo kuliko /48. Tangu Januari 2020 AFRINIC inagawa IPv4 kwa kiwango cha chini cha /24 na cha juu cha /22 kwa ombi moja, kwa hiyo usipange mtandao wako kwa kutegemea bloku kubwa itakayokuja baadaye.
- Akaunti ya MyAFRINIC (tovuti ya kusimamia rekodi zako za AFRINIC) ambayo nywila zake ziko mikononi mwa taasisi. Kama zimo kwenye barua pepe binafsi ya fundi aliyeacha kazi, shughulikia hilo kwanza.
- Ruta inayoweza BGP. Kwa njia za kituo peke yake ruta ndogo inatosha. Ukitaka jedwali zima la dunia, la IPv4 pekee lina njia zinazokaribia milioni moja, na hapo kumbukumbu ya ruta ndiyo itakayoamua.
- Moduli za SFP, vifaa vya kuchomeka faiba kwenye ruta, zinazolingana pande zote mbili, faiba ya singo-modi, na kifaa cha kusafishia konekta.
- UPS kwa ajili ya ruta na kifaa cha faiba. Hesabu vyote viwili. Ruta ikiwaka huku kifaa cha faiba kimezima, hakuna kinachopita.
- Mtoa huduma wa juu, yaani anayekufikisha kwingine duniani, angalau mmoja. Kituo kinakupa njia za wanachama wake, hakikupi dunia nzima.
- Anwani ya barua pepe ya kitengo cha mtandao, kama noc@, inayosomwa na zaidi ya mtu mmoja, pamoja na namba ya simu inayopokelewa usiku.

## Hatua ya 1: Nyoosha rekodi zako AFRINIC

Ingia MyAFRINIC uangalie vitu vitatu.

Kwanza ni mawasiliano. Watu waliotajwa kwenye namba yako ya AS na kwenye bloku yako bado wapo kazini? Mtandao wa nchi nyingine ukiona pakiti chafu zinatoka kwako, utaandika kwenye anwani hiyo. Usipojibiwa na mtu, bloku yako huweza kufungiwa.

Pili ni rekodi ya njia, yaani tamko kwamba bloku fulani hutangazwa na AS fulani. Kwa mfano wetu inaonekana hivi:

    route:   203.0.113.0/24
    origin:  AS64500
    mnt-by:  MFANO-MNT
    source:  AFRINIC

Andika rekodi moja kwa kila tangazo ambalo ruta yako itatoa kweli. Ukipanga kutangaza /22 nzima pamoja na /24 mbili ndani yake, hizo ni rekodi tatu. Kwa IPv6 tumia rekodi ya aina ya route6.

Tatu ni AS-SET, orodha ya namba za AS zinazopita kwako: yako na za wateja wako wenye AS. Ipe jina linaloanza na namba yako, mfano AS64500:AS-WATEJA. Jina fupi kama AS-MFANO linaweza kuwa limeshachukuliwa na mtu mwingine kwenye hifadhi nyingine ya rekodi, na programu inayotengeneza vichujio (kanuni za kupokea au kukataa njia) ikasoma orodha yake badala ya yako. Nimeona vichujio vilivyotengenezwa kutokana na orodha ya mtandao wa bara jingine kwa sababu hiyo hiyo, na aliyeathirika alipoteza muda mrefu akikagua ruta isiyo na kosa lolote.

Utajuaje umefaulu: endesha bgpq4, programu inayosoma rekodi na kutoa orodha ya bloku, kwa jina la AS-SET yako. Ikirudisha bloku zako zote, wala isizidishe hata moja, endelea. Ikirudisha patupu, kituo nacho kitapata patupu.

## Hatua ya 2: Saini ROA

ROA ni tamko lililosainiwa kidijitali chini ya RPKI, mfumo wa vyeti vya umiliki wa anwani: bloku hii inaruhusiwa kutangazwa na AS hii tu, na kwa urefu huu tu. Rekodi ya Hatua ya 1 ni maandishi. ROA ni hati ya kiwanja yenye muhuri.

Umuhimu wake ulionekana Februari 24, 2008. Pakistan Telecom ilikusudia kuifunga YouTube ndani ya nchi yake, ikatangaza 208.65.153.0/24 wakati YouTube yenyewe ilikuwa ikitangaza 208.65.152.0/22. Tangazo likavuja hadi nje. Ruta hufuata bloku iliyo finyu zaidi, kwa hiyo trafiki ya YouTube kutoka pande nyingi za dunia ilielekea Pakistan kwa takribani saa mbili. Enzi hizo hapakuwa na ROA ya kumwambia mtu yeyote kuwa tangazo lile halikuwa halali.

Wengi hukosea kwenye urefu wa juu. Una /22, unasaini ROA ya /22 yenye urefu wa juu 22, kisha ruta inatangaza /24 nne. Zote nne zinahesabika batili, na mitandao inayokagua RPKI inazitupa. Wateja wako wataanza kukuambia kuwa baadhi ya tovuti zinafunguka na nyingine hazifunguki, na utadhani ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani.

Kosa la upande wa pili ni kuruhusu hadi /24 kwa bloku nzima "kwa usalama." Hapo umemfungulia mlango atakayejifanya AS yako na kutangaza /24 ambazo wewe huzitangazi. Saini kile unachotangaza, basi.

Onyo: kama mtoa huduma wako wa juu anakutangazia bloku kwa namba yake ya AS, ROA yenye namba yako peke yake itaifanya njia yake iwe batili na utazimika. Mpigie simu kabla ya kubofya. Kipindi cha mpito weka ROA mbili.

Utajuaje umefaulu: tafuta bloku yako kwenye tovuti ya RIPEstat au bgp.tools. Hali isomeke kuwa halali. Ipe saa kadhaa, kwani mitandao husoma ROA kwa vipindi.

## Hatua ya 3: Jaza PeeringDB

Ni kazi fupi. Fungua rekodi ya mtandao wako, weka namba ya AS, jina la AS-SET, idadi ya juu ya njia utakazotangaza kwa IPv4 na IPv6, na mawasiliano ya kitengo chako. Idadi hiyo wenzako huitumia kuweka kikomo kwenye kikao chao nawe. Ukiandika 2 halafu ukatangaza 6, vikao vitaanguka. Acha nafasi ya kukua, lakini usiandike 5000 kwa mtandao wenye bloku tatu.

## Hatua ya 4: Chagua kituo, zungumza na watu

Arusha ina AIXP. Dar es Salaam kuna TIX, kilicho chini ya TISPA, chama cha watoa huduma za intaneti Tanzania. Upande wa pili wa Namanga kuna faiba zinazoelekea Nairobi kwenye KIXP, ila kuvuka mpaka kuna leseni na mikataba yake; mtandao mdogo usianzie huko.

Usichague kwa kusikia. Pima kwanza. Washa NetFlow au sFlow, vipimo vya trafiki, kwenye ruta yako kwa wiki nzima, ukitazama saa za jioni hasa, uone trafiki yako inakwenda kwenye AS zipi. Kisha omba orodha ya wanachama wa kila kituo, uone ni wangapi kati ya hao wamo. Mtandao wenye hosteli za wanafunzi na wateja wa majumbani utakuta sehemu kubwa ni video na mitandao ya kijamii, na swali linakuwa: nani kituoni ana hifadhi ya maudhui hayo na yuko tayari kukupa? Mtandao unaohudumia vyuo, hospitali na ofisi utakuta mengi yanabaki kaskazini hapa hapa. Kwa huyo wa pili, Arusha kwanza, sina shaka. Kwa wa kwanza, Arusha inafaa ila huenda akahitaji pia sakiti ya kwenda Dar es Salaam.

Aliyeko Moshi ana kilomita 80 hivi za faiba hadi Arusha. Linganisha bei ya sakiti hiyo na kiasi cha trafiki ulichopima, maana gharama ya kila mwezi itatoka kwenye faiba zaidi kuliko kwenye ada ya poti.

Ukishaamua, waandikie wasimamizi. Waulize: masharti ya uanachama yako wapi? Poti ni za kasi gani? Kuna seva ya njia, inayopokea njia za kila mwanachama na kuwagawia wengine, au kila mmoja anazungumza na mwenzake moja kwa moja? Vichujio vyao hutengenezwa kutokana na hifadhi ipi ya rekodi? Dharura za usiku hupigiwa nani?

Halafu wapigie mafundi wa mitandao miwili au mitatu mikubwa iliyomo, mmoja mmoja, na ujitambulishe. Kwenye simu ya dakika tano utajua kama wanapokea njia kupitia seva ya njia au wanataka kikao cha pekee. Jambo hili halimo kwenye fomu yoyote, nalo linaokoa wiki nzima ya kubahatisha.

## Hatua ya 5: Poti na nyaya

Kituo ni swichi inayotumiwa na washindani. Kosa lako moja huwagusa wote, ndiyo maana masharti yake ni makali.

Poti yako ionyeshe anwani moja tu ya MAC (anwani ya kifaa). Ukipitisha kupitia swichi yako mwenyewe, tenga VLAN (mtandao pepe ndani ya swichi) ya kituo kabisa, na zima juu yake itifaki zinazojitangaza zenyewe: STP, LLDP, CDP, DHCP, OSPF na matangazo ya ruta ya IPv6. Kwenye MikroTik zima pia ugunduzi wa majirani kwenye poti hiyo. Watu wengi huusahau.

Zima proxy ARP kuliko kitu kingine chochote. Ikiwa imewashwa, ruta yako inaweza kujibu kwa niaba ya anwani za wanachama wengine na kunyonya trafiki yao yote.

Weka anwani uliyopewa na maski yake sawasawa. MTU, ukubwa wa juu wa pakiti, ibaki 1500. Usiitangaze bloku ya LAN ya kituo popote, si kwa wateja, si kwa mtoa huduma wa juu.

Soma nguvu ya mwanga kwenye SFP. Moduli ya 10G ya kilomita 10 imebuniwa kupokea mwanga hadi takribani -14.4 dBm, ukisoma -13 leo, vumbi kidogo tu litakuangusha kesho. Safisha konekta kabla ya kulaumu faiba.

Utajuaje umefaulu: piga ping ya pakiti kubwa, baiti 1500, isiyoruhusiwa kukatwa, kwa wanachama watatu. Ukiwa Arusha mjini irudi chini ya milisekunde 1. Kutoka Moshi, milisekunde 1 hadi 2 ni sawa. Isipotee hata pakiti moja kati ya 1000.

## Hatua ya 6: Vichujio, kabla ya kikao chochote

Hapa naomba uende polepole.

Novemba 12, 2018, mtandao wa MainOne wa Nigeria ulirekebisha vichujio vyake. MainOne ilikuwa inazipata njia za Google kupitia kituo cha Lagos. Kosa la marekebisho yale likazifanya njia hizo zitangazwe kwa China Telecom, nayo ikazipeleka mbele. Kwa dakika 74 sehemu ya trafiki ya Google duniani ilizungukia kusiko kwake. Hakukuwa na uhalifu. Kilichokosekana ni kichujio kimoja cha kutoka. Na hali ile, njia za kituo kuvuja kwa mtoa huduma wa juu, ndiyo utakayokuwa nayo wewe pia mara tu kikao kikipanda.

Kanuni ni fupi: njia ulizozipata kituoni uwape wateja wako tu. Njia ulizozipata kwa mtoa huduma wa juu uwape wateja wako tu. Kituoni na kwa mtoa huduma wa juu tangaza bloku zako na za wateja wako, na kingine chochote kisitoke.

Itekeleze kwa lebo za BGP (communities), alama zinazobandikwa kwenye njia, si kwa orodha ya bloku peke yake. Njia ikiingia kutoka kwa mteja ipe 64500:100, kutoka kituoni 64500:200, kutoka kwa mtoa huduma wa juu 64500:300. Kichujio cha kutoka kiruhusu bloku zako na zenye 64500:100, kisha kikatae vilivyobaki. Orodha ya bloku huchakaa: mteja anahama, bloku inabaki kwenye orodha, na siku moja unajikuta unamtangazia njia uliyoisikia kwingine. Tumia vyote viwili, orodha wakati wa kupokea kwa mteja na lebo wakati wa kutoa.

Kwenye kuingia kutoka kituoni, kataa hivi:

- njia ya 0.0.0.0/0, yaani ya kila anwani;
- anwani za binafsi na zilizotengwa: 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12, 192.168.0.0/16, 100.64.0.0/10, 169.254.0.0/16 na wenzake;
- bloku zako mwenyewe na bloku ya LAN ya kituo;
- kilicho finyu kuliko /24 kwa IPv4, au /48 kwa IPv6;
- njia ambazo RPKI inasema ni batili;
- njia yenye namba ya AS ya mtandao mkubwa wa kimataifa ndani yake. Mwanachama wa Arusha akikuletea njia iliyopita huko, anavujisha.

Weka kikomo cha idadi ya njia kwa kila jirani. Weka kipaumbele cha ndani: wateja 300, kituo 200, mtoa huduma wa juu 100.

Onyo kwa wenye MikroTik: BGP isiyo na kichujio hupokea na kutoa kila kitu. Na katika RouterOS toleo la 6, mnyororo wa vichujio usio na kanuni ya mwisho huruhusu kilichobaki, lakini toleo la 7 hukikataa. Ukihamisha usanidi kutoka toleo moja kwenda jingine, andika kanuni ya mwisho kwa mkono, usitegemee mazoea. Wanaotumia FRR (programu huria ya ruta) ya karibuni watakuta kikao kimepanda lakini hakuna njia inayoingia wala kutoka mpaka waandike sera; haijaharibika, inafuata pendekezo la usalama la mwaka 2017.

## Hatua ya 7: Pandisha kikao

Anza na vichujio vinavyokataa vyote, kuingia na kutoka. Pandisha kikao. Kikitulia, fungua kuingia, hesabu njia ulizopokea, linganisha na ulichoambiwa na wasimamizi. Mwishoni kabisa fungua kutoka, na hapo hapo uorodheshe ulichotangaza. Mtandao wenye /22 moja uonyeshe njia moja au chache. Ukiona maelfu, funga kikao mara moja, uulize maswali baadaye.

Kuna jambo moja linalowakwamisha wanaotumia seva ya njia kila mara. Seva ya njia haijiweki kwenye orodha ya AS. Njia ya mwanachama AS64501 itakuja ikianza na 64501, ilhali kikao chako ni na AS ya seva. Ruta nyingi huona hiyo ni hitilafu na kuitupa njia, au kuangusha kikao. Zima ukaguzi wa AS ya kwanza kwa jirani huyo peke yake. Kwenye Cisco na FRR ni `no bgp enforce-first-as` au mfano wake wa kila jirani, kulingana na toleo.

Utajuaje umefaulu: kikao kimedumu saa 24 bila kuanguka, na mwanachama mmoja amekuthibitishia kwa simu kuwa anaziona bloku zako kupitia kituo.

## Hatua ya 8: Fuata trafiki, kwenda na kurudi

Hapa ndipo wengi huona wamemaliza na hawajamaliza. BGP huchagua njia ya kwenda tu. Kurudi huamuliwa na mwenzako.

Tumia mtr, programu inayoonyesha ruta ambazo pakiti inapita na muda wake, kutoka kwa mteja wako kwenda kwa mwanachama wa kituo, na umwombe naye apime kuja kwako. Vipimo viwili, daima. Soma muda pia. Mwanga ndani ya faiba husafiri kama kilomita 200 kwa milisekunde. Arusha hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600, kwa hiyo pakiti ya Njiro kwenda Tengeru kupitia Dar, ikienda na jibu kurudi, haiwezi kupungua milisekunde 12. Kupitia kituo utaona 2 au 3. Ukiona 150 na kuendelea, zimevuka bahari.

Kama trafiki haijasogea, angalia haya kwa mpangilio huu.

Unatafsiri wateja kwa anwani ya nani? Hiki ndicho chanzo kikuu kwa mitandao midogo. NAT yako, inayobadilisha anwani za ndani za wateja, inawatoa kwa anwani aliyokupa mtoa huduma wa juu kwenye sakiti yake. Anwani hiyo ni ya AS yake. Pakiti zinatoka kupitia kituo, majibu yanarudi kwake, na ulilipia kituo kwa nusu ya kazi. Hamisha NAT itumie bloku yako.

Unatangaza finyu zaidi kwingine? Ukimpa mtoa huduma wa juu /24 nne na kituo ukakipa /22, kila mwanachama anayeziona zote atafuata /24. Kipaumbele alichokupa hakisaidii chochote. Ufinyu huamua kabla ya kipaumbele. Kituoni tangaza kila unachotangaza juu, kwa urefu ule ule.

Unapima kwenda mahali sahihi? Tovuti kuishia na .tz hakumaanishi iko Tanzania. Nyingi zinakaa Ulaya au Marekani. Tafuta anwani yake ya IP ni ya AS ipi kabla hujamlaumu mtu.

DNS yako iko wapi? Hifadhi za maudhui huchagua seva ya karibu kwa kuangalia, mara nyingi, ni nani aliyeuliza jina. Mteja akitumia DNS ya mbali anaweza kupelekwa kwenye seva ya mbali. Endesha DNS yako ndani ya mtandao wako. Ina faida nyingine: Mei 12, 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu, na huduma Tanzania zikadorora vibaya. Siku ya namna hiyo trafiki ya ndani haihitaji bahari, lakini kama hata kuuliza jina kunahitaji kuvuka bahari, mteja wa Sakina hataifikia seva ya Kijenge.

Mwenzako anakupa kipaumbele gani? Hili utalijua kwa kumuuliza tu. Ndiyo maana ya simu za Hatua ya 4.

## Hatua ya 9: Ishi na majirani vizuri

Kila matengenezo, watangazie saa 48 kabla, hata kama ni ya dakika kumi. Kabla ya kuzima, weka lebo 65535:0 kwenye njia zako. Mitandao inayoifuata itahamishia trafiki kwingine kabla hujagusa waya, na wateja wako hawatahisi kitu.

Zuia pia pakiti zenye anwani za uongo zisitoke kwa wateja wako. Hilo, pamoja na vichujio, mawasiliano yaliyo hai na rekodi zilizo wazi, ndizo hatua nne za MANRS, makubaliano ya hiari ya waendesha mitandao yaliyoanza 2014. Ukiwa umefika hatua hii, kubwa umeshalifanya, jisajili.

Jiunge na jumuiya za mafundi wa mitandao: tzNOG kwa ya hapa nchini na AfNOG kwa ya bara. AfNOG imekuwa ikiendesha mafunzo ya vitendo tangu 2000, na mwaka 2011 yalifanyika Dar es Salaam. Arusha ina chuo cha Nelson Mandela kule Tengeru na Chuo cha Ufundi mjini. Vijana wao wanahitaji ruta halisi za kujifunzia, nawe unahitaji mafundi. Waite waje waone kikao kikipandishwa. Ukipata suluhisho la jambo lililokusumbua, liandike kwa Kiswahili ulipeleke kwa wenzako, hata kama ni mistari mitano, kwa maana fundi wa Bomang'ombe atakutana nalo hilo hilo mwezi ujao.

Ukiomba msaada, toa taarifa kamili mara ya kwanza. "Mtandao wenu unasumbua" haimpi fundi pa kuanzia. Andika hivi:

> Habari za kazi. Mimi ni fundi wa zamu AS64500, Arusha. Kuanzia saa 4:10 asubuhi leo (07:10 UTC) pakiti kutoka 203.0.113.10 kwenda 198.51.100.20 kupitia kituo zinapotea kwa asilimia 30. Kupitia mtoa huduma wetu wa juu hazipotei. Kikao kipo juu, njia tunazopokea kwenu hazijapungua. Nimeambatisha mtr ya kwenda; naomba mtr ya kurudi. Sisi tumeshasafisha konekta na kubadilisha SFP. Napatikana kwa simu hii hadi saa 2 usiku, baada ya hapo mwenzangu wa zamu atapokea.

Saa weka kwa mifumo yote miwili. Mwenzako wa Dar es Salaam ataelewa saa 4 asubuhi, ila ujumbe ukipelekwa mbele hadi kwa mtu wa nchi nyingine, saa 4 itamfanya atafute kumbukumbu za alfajiri.